Taa ya Manjano Katika Gari Jipya



Juma hili tunalo swali la mama mmoja wa huku kwetu pwani, aliyeuliza kwa niaba ya bintiye aliyeolewa Marekani. Binti huyo na mumewe walinunua pikapu mpya ya petroli. Mume huitumia kubebea zana za kazi yake, na mke huitumia kwa safari za sokoni na za kumpeleka mtoto kliniki. Kabla gari halijatimiza mwaka, taa ya manjano yenye umbo la injini ikawaka mbele ya dereva. Rafiki mmoja alichomeka kifaa chake cha kusomea kompyuta ya gari, akauona msimbo P0456, akaufuta, na taa ikazimika. Baada ya majuma mawili ikarudi. Jirani akasema si kitu, ibandikwe utepe isionekane. Fundi mmoja akasema kasha zima la kunasia mvuke libadilishwe, na akataja bei iliyowanyima usingizi. Juu ya hayo, binti anasema kuwa asubuhi nyingine, akiingia katika gereji iliyoshikana na nyumba, husikia harufu ya petroli. Na chumba anacholala mtoto ki juu ya gereji hiyo.

Mama anauliza mambo matatu. Je, kuna hatari? Ni kitu gani kilichoharibika? Na ni nani apaswaye kulipa?

Swali la kwanza halingoji maelezo marefu. Lau ingekuwa ni taa peke yake, tungesema pana nafasi ya siku kadhaa, kwa kuwa gari lenye msimbo huu huendeka kama kawaida. Lakini harufu ya petroli ndani ya gereji iliyoungana na nyumba ni jambo jingine. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Haupai juu ukapotea, bali hutambaa sakafuni na kujikusanya pa chini. Nyumba nyingi za Marekani huwekwa mtambo wa kuchemshia maji humo gerejini, na baadhi ya mitambo hiyo hutumia gesi na huwa na mwali mdogo uwakao usiku na mchana. Mvuke na mwali havipaswi kukutana. Tena ndani ya petroli mna benzeni, kemikali inayojulikana kuwa husababisha saratani ya damu, nayo haifai kuvutwa na mtu yeyote, seuze mtoto mchanga.

Basi, mwanangu, usiku wa leo gari lilale nje. Gereji ifunguliwe ipitwe na hewa, na pasiwashwe kiberiti wala sigara karibu nayo. Kisha mumeo achungulie chini ya gari kwa tochi. Akiona tone la petroli au sakafu iliyolowa, gari lisiwashwe tena. Liitiwe gari la kulivuta. Asipoona tone, lipelekwe kwa wakala aliyeliuza, na lisirudi gerejini mpaka harufu ijulikane itokako.

Baada ya hayo, tutulie tuufahamu ugonjwa wenyewe.

Kila mwenye chupa ya halud nyumbani anajua kwamba ikiachwa wazi hupungua bila ya kuguswa. Petroli ni vivyo hivyo, ila yenyewe huruka haraka zaidi, na jua huiharakisha. Tangi la gari likipata joto, mvuke hujaa ndani yake na kutafuta njia ya kutokea. Zamani njia hiyo iliachwa wazi, mvuke ukaenda zake angani. Jiji la Los Angeles ndilo lililoonja uchungu wake mapema. Mwaka 1943 lilifunikwa na ukungu mchafu uliowawasha watu macho na koo, na mara ya kwanza hakuna aliyejua hakika chanzo chake. Mapema katika miaka ya 1950, mwanakemia mzaliwa wa Uholanzi, Arie Haagen-Smit, alionyesha kwamba mvuke wa mafuta na gesi za moshi wa magari zikipigwa na jua huungana na kuzaa ukungu huo. Jimbo la California likaanza kudai kwamba magari ya modeli ya 1970 yazuie mvuke wa tangi, na mwaka uliofuata sharti hilo likaenea Marekani nzima.

Njia iliyopatikana ni ya werevu mwingi na sehemu chache. Tangi hufungwa lisipumue ovyo. Mvuke wake hupitishwa kwenye kasha lililojaa makaa maalumu, yenye vitundu visivyohesabika, nayo huunasa mvuke kama vile makaa ya kawaida yanavyonyonya harufu katika kabati. Injini ikiwaka na kupata moto, vali moja iliyo upande wa injini hufunguka, na injini huufyonza mvuke ule ikauchoma pamoja na petroli nyingine. Vali ya pili, iliyo upande wa kasha, huingiza hewa safi ili kasha lisafishike. Hivyo kile ambacho kingepotea hewani huwa mafuta ya safari.

Sasa, mfumo uliofungwa utajuaje kwamba umetoboka? Kuanzia mwaka 1996, magari madogo yote mapya yanayouzwa Marekani hulazimika kuwa na kompyuta inayojikagua yenyewe. Kompyuta hiyo hufunga vali zote mbili, huvuta hewa kidogo katika tangi au huisukuma, kisha hutazama kama msukumo unakaa au unapungua. Ni sawa na mtu anayefunga mdomo wa chupa kwa kinywa chake akavuta pumzi: chupa nzima itamshika midomo, na chupa iliyopasuka haitamshika. Mwanzo kompyuta ilitakiwa kugundua tundu la upana wa milimita moja. Kuanzia magari ya modeli ya 2000 kiwango kikaanza kushushwa hadi nusu milimita. Tundu la nusu milimita ni jembamba kuliko ncha ya kalamu, na hakuna jicho litakaloliona chini ya gari.

Hapo ndipo msimbo unapozaliwa. Herufi P humaanisha kuwa jambo linahusu injini na mfumo wa mwendo. Sufuri inayofuata humaanisha kuwa msimbo ni wa pamoja, si wa kiwanda kimoja. Tarakimu ya 4 ni ya vifaa vya kuzuia uchafuzi wa hewa. Msimbo P0455 hutangaza uvujaji mkubwa, P0442 uvujaji mdogo, na P0456 uvujaji mdogo sana. P0457 hushuku kifuniko cha tangi kilicholegea au kusahauliwa. P0443 huhusu umeme wa vali ya upande wa injini, na P0446 mambo ya vali ya upande wa kasha.

Wasomaji wazingatie jambo hili, kwa sababu hapa ndipo fedha za watu hupotea. Msimbo P0456 hausemi kwamba kasha limekufa. Hausemi kitu gani kinunuliwe. Unasema tu kwamba mfumo umejaribiwa na haukushika pumzi. Ni kama mama anayemshika mtoto paji la uso akasema ana homa: amesema kweli, lakini hajataja kama ni malaria au ni jino. Fundi anayeusoma msimbo na papo hapo akataja bei ya kasha, amempa mgonjwa dawa kabla ya kumpima.

Na kwa nini taa ilirudi baada ya majuma mawili, si siku ya pili? Ni kwa kuwa kompyuta haifanyi jaribio hili kila saa. Hungoja injini ipoe, hali ya hewa isiwe ya baridi kali wala joto kali, na tangi lisiwe tupu wala lisijae. Kwa kawaida mafuta yawe baina ya asilimia 15 na 85 hivi. Kisha hutaka kushindwa kujirudie katika safari ya pili ndipo iwashe taa. Kwa hiyo kufuta msimbo hakukuponya chochote. Kuliinyamazisha kompyuta mpaka ilipopata nafasi ya kupima upya. Tena kufuta kuna hasara mbili. Msimbo unapoandikwa, kompyuta huhifadhi pia hali ya gari ya wakati ule: joto, mwendo, kiasi cha mafuta, na hayo yote hufutika pamoja nao. Na katika majimbo yanayokagua moshi wa magari, gari ambalo kumbukumbu zake zimefutwa huweza kurudishwa mpaka limalize kujipima.

Basi upimaji uende kwa utaratibu, kuanzia kisichogharimu kitu.

Kwanza ni mdomo wa tangi. Kifuniko kifunguliwe, mpira wake wa mviringo utazamwe kama umepasuka, umekauka au umeshika mchanga, kisha kifungwe mpaka kilie. Pikapu nyingi za siku hizi hazina kifuniko cha kuzungusha, bali zina kijilango chenye springi. Hicho nacho kikaguliwe kama uchafu umekizuia kujifunga. Ikiwa kosa lilikuwa hapo, taa haitazimika siku hiyo hiyo. Itazimika yenyewe baada ya kompyuta kupima na kuridhika mara tatu mfululizo, basi wenyewe wawe na subira.

Pili ni maswali, na haya hujibiwa na mwenye kulitumia gari, si fundi. Je, harufu huja baada ya kujaza mafuta, au kila asubuhi? Je, kituoni mkono wa pampu hujikata mara kwa mara kabla tangi halijajaa? Hiyo ni ishara kwamba hewa haitoki vizuri, na vali ya upande wa kasha au njia yake huenda imeziba. Je, gari hugoma kuwaka mara tu baada ya kujazwa? Hapo hushukiwa vali ya upande wa injini, kuwa imebaki wazi na injini inalishwa mvuke kupita kiasi. Je, mna desturi ya kuongeza mafuta baada ya pampu kujikata? Mafuta yakizidi huweza kuingia katika kasha, na makaa yaliyolowa hayanasi tena mvuke. Je, siku za karibuni pikapu ilifungwa sanduku la zana, kifuniko cha nyuma au ndoano ya kuvutia trela? Mabomba ya mvuke hupita chini ya bodi ya nyuma, na msumari mmoja au waya uliobanwa watosha kuleta balaa. Je, hupita njia za vumbi? Je, gerejini mna panya? Dada, yaandike majibu kwenye karatasi pamoja na tarehe. Karatasi hiyo itampunguzia fundi nusu ya kazi.

Tatu ni macho. Gari linyanyuliwe, mabomba yafuatwe kutoka tangini hadi kwenye kasha na kutoka kwenye kasha hadi kwenye injini. Katika gari jipya, kiungo ambacho hakikusukumwa hadi mwisho kiwandani ni jambo la kutazamwa kabla ya kushuku uchakavu. Mpira unaoziba pampu juu ya tangi nao ukaguliwe.

Nne ni jaribio la moshi. Mashine maalumu hupasha mafuta mepesi yakageuka moshi, na moshi huo hupulizwa ndani ya mfumo kwa msukumo mdogo mno, vali zikiwa zimefungwa. Popote penye tundu patafuka, hata liwe la nusu milimita. Jaribio hili ndilo linalotenganisha kujua na kubahatisha. Lisifanywe kamwe kwa pampu ya kujazia magurudumu, kwani msukumo wake huweza kupasua sehemu zilizo nzima na kuutawanya mvuke wa petroli.

Tano, kirekebishwe kitu kimoja kilichoonekana kuwa kibovu, kisha mfumo upimwe tena. Ukishika pumzi, kazi imekwisha. Usiposhika, utafutaji uendelee. Wanaobadilisha vitu vitatu kwa pamoja hawatajua ni kipi kilichokuwa kibovu, ila watajua vizuri walicholipa.

Huenda mtu akasema: kelele zote hizi kwa mvuke kidogo? Tutamjibu kwa kisa cha buibui. Mdudu, si vazi. Mwaka 2011 kampuni ya Mazda iliyaita yarudi gerejini magari ya Mazda6 zaidi ya 50,000 nchini Marekani, kwa kuwa aina fulani ya buibui wa manjano ilikuwa ikifuma utando ndani ya bomba la hewa la mfumo huu huu wa mvuke. Utando ukiziba bomba, hewa haiingii tangini, tangi hujivuta kwa ndani, na huweza kupata ufa ukavujisha petroli. Mwaka 2014 kampuni hiyo iliita magari mengine 42,000 hivi kwa sababu iyo hiyo. Mdudu asiyefika ukubwa wa ukucha alitosha kutia nyumba za watu katika hatari ya moto. Kwa hiyo jirani aliyeshauri utepe ubandikwe juu ya taa, na arudi kwake na utepe wake.

Tumebaki na swali la tatu, nani alipe. Hapa mama apumzike moyo. Sheria ya Marekani humlazimisha mtengenezaji kudhamini vifaa vya kuzuia uchafuzi wa hewa katika magari madogo mapya kwa miaka 2 au maili 24,000, yaani kilomita 38,600 hivi, lolote litakalotangulia. Vifaa vikuu vichache, ikiwamo kompyuta yenyewe ya kudhibiti moshi, hudhaminiwa miaka 8 au maili 80,000. Zaidi ya hayo, watengenezaji wengi huongeza dhamana yao ya jumla, ambayo aghalabu ni ya miaka 3 au maili 36,000. Gari lisilotimiza mwaka na lisilozidi maili hizo limo ndani ya dhamana. Hakuna sababu ya kumlipa fundi mwingine hata senti moja kwa kasha hilo, wala ya kumruhusu afungue mabomba kabla ya wakala kuyaona. Ila wajue kwamba ikiwa bomba limetafunwa na panya, au limetobolewa na aliyefunga sanduku la zana, wakala anaweza kukataa kwa haki, kwa kuwa hilo si kosa la kiwanda.

Wakifika huko, msimbo uwe haujafutwa. Waombe karatasi ya kazi iandikwe tarehe, maili, msimbo na maneno yao wenyewe: "Tunasikia harufu ya petroli gerejini." Neno hilo lisiachwe nje, kwa kuwa hubadilisha uzito wa shauri. Waulize pia kama mtengenezaji ametoa waraka wa ufundi au mwito wa kurudisha magari ya aina hiyo. Namba ya bodi ya gari hutosha kulitafutia jibu. Wakiambiwa "limerekebishwa", waulize nini kilionekana na kilionekana kwa jaribio gani.

Na sisi tulio huku, tusidhani habari hii ni ya ng'ambo tu. Pikapu nyingi zinazouzwa mpya nchini kwetu hutumia dizeli, ambayo haitoi mvuke kama petroli, na hivyo si rahisi kukutana na msimbo huu katika gari la shamba au la kubebea samaki. Lakini magari madogo ya petroli yanayoletwa kutoka Japani nayo yana kasha la makaa na vali zake. Taa ya injini ikiwaka, au harufu ya petroli ikisikika ndani ya gari katika joto letu hili, utaratibu ni ule ule: kifuniko, maswali, macho, kisha moshi. Wala usikubali bomba la mvuke liachwe likining'inia kwa hoja kwamba gari linatembea bila ya hilo. Litatembea, ni kweli, na watoto walioketi nyuma watavuta mvuke huo safari nzima.

Wanawake wengi wamezoea kuambiwa kwamba mambo ya gari ni ya wanaume na mafundi. Katika kisa hiki aliyesikia harufu ni mama wa nyumba, na pua yake ilitangulia kabla ya kompyuta kumaliza kupima. Asinyamaze kwa kuambiwa haelewi injini. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ufa wa nusu milimita, wenye kitanda cha mtoto juu yake, hautaki kungojwa hata kwa siku moja.

Maswali zaidi tunayakaribisha. Tukutane juma lijalo, inshallah.